Mchekeshaji Akimwogopa Mkubwa, Nani Anachekwa?

Kila klipu ya stendapu inapozua hasira, Dar es Salaam hugawanyika vilevile: huku wanasema watu hawana utani siku hizi, kule wanasema adabu imekwisha. Naona wachekeshaji wanahukumiwa haraka mno, ingawa wanaowalalamikia wana hoja nzito.

Hoja hiyo imo ndani ya utani wenyewe, ule wa makabila. Mnyamwezi anaweza kujilaza ndani ya kaburi lililochimbwa kwa ajili ya Mzaramo, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi hayajakauka. Anaruhusiwa kwa kuwa msiba ukihamia kwake, Mzaramo naye atakuja kudai zamu yake. Jukwaani maiki ni moja. Mwenye ualbino aliyeketi mstari wa tatu, katika nchi ambako wenzake wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, akigeuzwa kichekesho atajibia wapi? Akikasirika ana haki.

Lakini kwa nini mzaha unamwangukia yeye? Mwaka 2019 mchekeshaji Idris Sultan aliitwa polisi kwa kubadilishana sura na Rais Magufuli kwenye picha. Mei 2020 akakamatwa baada ya video aliyoonekana akiicheka picha ya zamani ya rais huyo, suti ikiwa imempwaya. Alipofikishwa mahakamani, shtaka likawa la laini ya simu. Laini ya simu! Kijana anayeandika vichekesho vyake chumbani Mbagala hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Suti ya mkubwa haiguswi. Kinachobaki ni lafudhi ya Mmakonde, mwili wa mwanamke mnene, mguu wa mlemavu, watu wasio na askari wa kumtuma. Sehemu kubwa ya huo tunaouita utovu wa adabu ni woga uliotafuta pa kupitia, na kila adhabu tunayoongeza inauelekeza kwa wanyonge zaidi.

Wapo wanaotaka sheria imlinde kila anayetukanwa. Nawaelewa, ila simu ya mkuu wa kituo anayo nani? Si yule wa mstari wa tatu. Yeye atalindwa na ukumbi unaonuna badala ya kucheka, na mteja anayekataa kununua tiketi tena. Waandaaji nao wangempa maiki dakika mbili amtanie mchekeshaji, watu wote wakisikia.