Bukoba, Songwe na gharama ya kugeuza ndege

Shirika la ndege likitangaza safari mpya kwenda uwanja wenye vilima na hali ya hewa isiyotabirika, mjadala huwa ni uleule. Kuna wanaosema wananchi wa huko nao wanalipa kodi, wapelekewe ndege. Wengine wanajibu kwamba huko ni kutafuta maafa. Kuhusu Bukoba nimezisikia hoja zote mbili tangu Novemba 2022, na kila moja ina ukweli wake. Ila zote zinaruka swali ambalo mimi ningelitanguliza: rubani akifika juu ya uwanja akakuta mvua imefunga, akaamua kugeuza, gharama hiyo anaibeba nani?

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, safari namba PW 494, ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ilipokuwa inakaribia kutua Bukoba huku hali ya hewa ikiwa mbaya. Ilikuwa ATR 42, ya mapangaboi mawili, ikitokea Dar es Salaam na watu 43. Walifariki 19, marubani wote wawili wakiwamo. Waliookolewa ni 24, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alisaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia, na baadaye wananchi wakasaidia kuivuta ndege kwa kamba kuelekea ufukweni. Ripoti ya awali ya serikali ilikiri kwamba waokoaji wa majini hawakuwa na vifaa vya kutosha.

Baada ya hapo ni rahisi kusema uwanja ule ufungwe. Lakini anayesema hivyo amwambie mtu wa Kagera asafiri kwa nini. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilomita 1,400, na kila anayesafiri kwa basi anajua barabara zetu zinavyoua, mmoja mmoja na kwa makundi, bila bendera kushushwa nusu mlingoti. Ziwani nako, tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaondoka na mamia ya watu. Kwa hiyo ukimnyima mtu ndege hujampa usalama, umemhamishia tu hatari. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili hawezi kukaa siku nzima na zaidi kwenye kiti cha basi. Halafu kuna Desemba, Wahaya wanaporudi nyumbani. Ondoa ndege uone nauli za mabasi zitakavyopanda.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya hofu, nayo ni jiografia. Usiku, maji ya ziwa huwa na joto kuliko nchi kavu inayolizunguka. Upepo kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa, mawingu ya ngurumo yakajengeka usiku kucha, kisha upepo wa mashariki ukayasukuma kuelekea magharibi. Magharibi ndiko iliko Bukoba. Mvua ya huko inafika milimita 2,000 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na sehemu kubwa hunyesha alfajiri na asubuhi. Uwanja wenyewe uko ukingoni mwa maji, vilima viko nyuma ya mji, na barabara ya kurukia haifiki kilomita mbili. Mitambo ya kumwongoza rubani hadi karibu na lami, kama ile ya Dar es Salaam, haipo. Anahitaji kuuona uwanja kwa macho yake.

Hapa ndipo mifano ya kuazima inapoharibika. Watu hupenda kuitaja Lukla, ule uwanja wa Nepal wa wapanda mlima Everest, wenye lami ya mita 527 tu iliyolala kwenye mteremko, kwamba kama pale panatulika basi popote panatulika. Lukla hupanga safari zake asubuhi kwa sababu kadiri siku inavyosonga upepo na mawingu huzidi. Ukiihamishia Bukoba kanuni hiyo umeigeuza kichwa chini, kwani kule asubuhi ndiyo saa ya ngurumo. PW 494 ilianguka karibu saa 3 asubuhi. Kila uwanja mgumu una ugumu wake, na ratiba inayookoa watu pamoja inaweza kuwaponza kwingine.

Wiki kumi tu baada ya ajali ya Bukoba, Nepal hiyohiyo ilitoa somo jingine. Uwanja mpya wa Pokhara ulifunguliwa tarehe 1 Januari 2023. Tarehe 15, ndege ya Yeti Airlines aina ya ATR 72 ikaanguka ikielekea kutua, wakafa wote 72. Siku hiyo anga lilikuwa safi. Uchunguzi ulionyesha vishikio viwili visivyostahili viliguswa, mapangaboi yakapoteza nguvu, na marubani hawakutambua mapema. Wachunguzi wakaongeza jambo linaloyahusu moja kwa moja mashirika yanayofungua vituo vipya: marubani walikuwa wamezidiwa na kazi kwenye uwanja mgeni uliozungukwa na milima, tena bila mafunzo ya kutosha ya njia ile ya kutua. Uwanja ulikuwa na wiki mbili. Haraka ya nini?

Linganisha na kisiwa cha Saint Helena, katikati ya Atlantiki. Uingereza ilijenga uwanja kwa pauni milioni 285, uzinduzi ukapangwa Mei 2016. Ndege za majaribio zikakuta upepo unaobadilika ghafla karibu kabisa na lami, na uzinduzi ukaahirishwa. Magazeti ya Uingereza yalicheka sana, na fedha zile kweli zinauma. Shirika lililokuwa lilete Boeing 737 halikuanza kabisa. Oktoba 2017 Airlink ya Afrika Kusini ikaanza kwa Embraer 190, ndege ndogo zaidi, tena ikiacha baadhi ya viti wazi makusudi ili ndege iwe nyepesi. Kwa mhasibu huo ni ubadhirifu. Mimi naona ni kazi iliyofanywa kwa mpangilio wake, ingawa wangeupima upepo kabla ya kumwaga zege mzaha wote ule usingekuwepo.

Teknolojia husaidia, nisiidharau. Juneau, Alaska, ndege ya Alaska Airlines iligonga mlima mwaka 1971 wakafa watu 111. Mwaka 1996 shirika hilohilo likaanza kutumia pale njia za setilaiti zinazopinda katikati ya milima, na leo viwanja vingi vya milimani duniani vinafuata mtindo huo. Bukoba ingenufaika nazo, ila kwa kiasi. Setilaiti humwonyesha rubani kilima kilipo, lakini ngurumo iliyokaa juu ya lami haimwondolei. Siku hiyo atageuza tu.

Na kugeuza ni fedha. Ndege inayokwenda Mwanza badala ya Bukoba inachoma mafuta ya ziada, na saa za marubani kazini zinayoyoma. Ndege hiyohiyo mchana ilikuwa imepangiwa mji mwingine, na shirika lenye ndege chache halina ya kuziba pengo. Abiria wanalalamika, simu zinapigwa. Sisemi hayo ndiyo yaliyoiangusha PW 494. Nasema hakuna anayehitaji kumwamuru rubani ajaribu kutua. Ratiba iliyobana inatosha kumsukuma.

Ndiyo maana siungani na wanaoibeza Songwe. Uwanja ule ulianza kazi Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule mdogo uliokuwa ndani ya jiji la Mbeya. Lami yake inazidi kilomita 3, lakini ukungu haujali urefu wa lami. Kwa miaka watu wamelalamika: unadamka Dar, unafika juu ya Mbeya, ndege inazunguka, inarudi ulikotoka. Inaudhi kweli, hasa kwa aliyekuwa anawahi msiba. Lakini waliorudishwa walifika wazima, na hasira yao ingepungua sana kama tiketi ingesema mapema watapewa nini wakirudishwa.

Basi Bukoba iendelee kupata ndege, na atakayeanza safari mpya huko aanze, ila misimu ya mvua asogeze safari ya kwanza hadi asubuhi ipite. Mashirika yatapinga, na hawasemi uongo: ukianza saa 5, ndege moja inapoteza mzunguko wa siku, na nauli itapanda. Napendelea nauli hiyo. Tiketi iandikwe wazi kwamba Mwanza inaweza kuwa mwisho wa safari angani, na basi liwe limekodiwa tayari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Bukoba, lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko pale, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha.

Wapo wanaosubiri uwanja mpya wa Omukajunguti, hukohuko Kagera, uliozungumzwa miaka mingi. Ukijengwa utaleta lami ndefu, lakini ngurumo za ziwa hazitauogopa, na Songwe imeshatuonyesha hilo. Hadi hapo ndege zitaendelea kukaribia kutokea majini. Boti ya uokoaji ifungwe ufukweni hapo hapo uwanjani, ikiwa na mafuta kwenye tangi na wapiga mbizi wenye mitungi iliyojaa, na ukaguzi wake uwe sharti la kuruhusu safari ya siku hiyo, kama unavyokaguliwa upepo wa tairi.