Jamani, sikumla balozi

Nimeamka na meseji 47. Nusu ni vicheko vitupu, robo ni watu wanaouliza "ni kweli?", na moja ni ya binamu yangu wa Muscat ambaye hatujasemezana tangu harusi ya 2019. Huyo ameandika neno moja tu: "Mchi?"

Basi tuanze hapo hapo. Sikumla balozi, kama wanavyodai wanaosambaza video yangu. Sikumpiga balozi kwa mchi. Kwanza hakuwa balozi, alikuwa mgeni rasmi mwenye cheo chake cha wastani, na suti aliyovaa ilikuwa nzuri sana. Nimeanza kwa kusema ukweli, muuamini na uliobaki.

Aliyeisambaza hiyo video ni shoga yangu, ambaye leo nitamwita Bi Redio maana jina lake halisi hastahili. Nilimwalika mwenyewe! Nikamwambia, njoo Jumapili kwenye sherehe ya mwaka mpya ya chama chetu, kuna chakula cha bure. Akaja, akala sahani tatu, akarekodi video, na kabla sijafika nyumbani ilikuwa imeshatua kwenye kundi la ukoo, kundi la watu wa kwetu hapa London, na kundi la akina mama wa madrasa aliko mwanangu. Ustadhi kaiona.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua nilifundisha Kiingereza Japani miaka mitatu, kwa ule mpango wa JET wa serikali yao. Wageni wangu: ulianza 1987 na watu 848 kutoka nchi nne, Uingereza ikiwemo, na sasa waliopitia humo ni zaidi ya elfu 70. Ukiwa na digrii na hujui unataka nini maishani, wanakupokea. Mimi walinipeleka mkoa mmoja kisiwani Kyushu ambao nembo yake ni dubu mweusi mwenye mashavu mekundu. Jina lake silitaji hapa. Fungueni ramani wenyewe, mkishaliona mfunge mdomo.

Mama mkwe anajua nilikaa "Kyushu", basi. Aprili 2016 kulipopiga lile tetemeko la ardhi, alikuwa amekuja kututembelea, na redio ya Kiswahili ikawa inautaja ule mkoa kila saa, herufi kwa herufi, bila kupepesa. Mume wangu alikuwa analala sebuleni mkono kwenye swichi. Huku moyo unaniuma kwa wanafunzi wangu, huku nacheka kwenye mto. Mungu anisamehe.

Sasa, ukirudi kutoka Japani hurudi kabisa. Kuna chama cha sisi tuliowahi kufundisha huko, na kazi yake kubwa ni kututafutia sababu ya kukutana tuugue pamoja. Kabla ya wapya kuondoka majira ya joto tunawaaga na kuwapa nasaha (mimi huwaambia moja tu: nunua soksi zisizo na tundu, viatu utavivua mpaka uchoke). Wanaorudi tunawapokea, maskini, bado wanainamia simu wakiagana na mtu asiyewaona. Maua ya micheri yakichanua tunakaa chini ya mti kwenye baridi ya London na kujifanya tunafurahi. Na Januari ndiyo hiyo, mwaka mpya, na safari hii kamati ikaamua tutwange mochi.

Mochi ni ule mkate mlaini wa mchele wa kunata. Mchele unalowekwa usiku kucha, unapikwa kwa mvuke, halafu unamwagwa kinuni ukiwa moto na kutwangwa mpaka unakuwa donge moja jeupe linalovutika kama ubani uliotafunwa. Kinuni! Mwenyekiti aliposema tu, "Tuna kinu cha kuazima, nani ana uzoefu wa kutwanga?", mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo.

Nikawapa hotuba, wallahi. Nikawaambia mimi mtu wa Mombasa, kwetu kinu ni samani ya kwanza nyumbani, kwetu wanawake wawili hutwanga kinu kimoja wakipokezana michi bila kugongana, na huku wanasengenya. Yote kweli. Nilichosahau kusema ni kwamba mimi si mmoja wa hao wanawake. Kinu nilichokizoea ni kile kidogo cha thumu na pilipili, na hata hicho tangu nipate blenda kimekuwa cha kuzuilia mlango. Na Japani kwenyewe, kila Desemba shuleni wakitwanga mochi, mimi nilikuwa upande wa kula.

Kuna tofauti nyingine ambayo sikuitilia maanani. Mchi wetu ni mti mmoja ulionyooka, unaushusha wima, unaupandisha wima. Mchi wao, kine, una mpini na kichwa, kama nyundo ya jitu. Unaupitisha juu ya bega. Yaani kuna nyuma. Shikeni hapo, kuna nyuma.

Jumapili ikafika. Ukumbi umejaa, watoto mbele, wazee kwenye viti. Wamenivika happi, lile koti fupi la sherehe, na kitambaa kichwani. Bi Redio ananipigia vigelegele kutoka pembeni, kigelegele halisi cha pwani, Wazungu wanageuka. Mbele yangu kinu cha mti kizito, na upande wa pili amechutama mzee wa Kijapani, kazi yake kutia mkono kinuni kati ya pigo na pigo aligeuze donge. Mkono mtupu. Ananiamini. Alinitazama machoni akatikisa kichwa kama rubani.

Mchele ukamwagwa, mvuke ukapanda. Nikauinua mchi, mzito kama kuku wawili wa kienyeji, nikashusha. Punje zikaruka kama kumbikumbi. Mtoto mmoja akapata ya jichoni. Mzee akasema taratibu kwamba kwanza mtu huuponda, unaukandamiza kwa kichwa cha mchi huku ukizunguka kinu mpaka punje zishikane, ndipo utwange. Akauchukua mchi mkononi mwangu kwa adabu, akaponda mwenyewe, akanirudishia. Watu wakacheka kidogo. Kidogo tu, lakini nilisikia.

Hapo ndipo shetani alipopata nafasi. Nikasema moyoni, mtaniona.

Nikaanza. Ukumbi mzima unapiga kelele "Yoisho!" kila ninaposhusha, mzee anageuza, nashusha, anageuza. Jamani, kulikuwa na raha ile! Dakika mbili nilikuwa mwanamke niliyemsimulia kwenye kikao. Pembeni yangu kulikuwa na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Kila baada ya mapigo machache unatakiwa uchovye kichwa cha mchi, usishike donge. Niliiona ile ndoo. Mzee aliniashiria ile ndoo, mara mbili. Mimi nikadhani ananionyesha nisiikanyage.

Pigo kama la ishirini hivi, mchi ukatua, "pwu". Sauti nzito, tamu. Nikavuta. Ulikuwa mzito kuliko mwanzo. Nikajiambia, uchovu huu, usionyeshe. Nikakaza kiuno, nikauvuta kwa nguvu zote, ukaja, nikaupitisha juu ya bega la kulia. Ulipofika juu kabisa ukawa mwepesi ghafla. Mwepesi kama unyoya. Nami, wajinga wenzangu, nikajiambia: ahaa, nguvu zimerudi.

Nyuma yangu nikasikia "pwaa". Nikadhani mtoto kaangusha sahani ya karatasi.

Nikashusha.

KO!

Mti kwa mti. Ganzi ikanipanda viganjani mpaka kwenye magego. Kibanzi kikaruka kutoka ukingoni. Na hakuna aliyesema "Yoisho". Mzee mkono wake umebaki hewani, umelowa, unadondosha tone moja moja. Akachungulia kinuni. Akachungulia tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Kisha akaniangalia usoni akasema, kwa upole sana, "Nai."

Nai ni hakuna.

Kwetu husema kutwanga maji kinuni. Mimi hata maji sikuwa nayo. Nilitwanga kinu.

Nikageuka polepole, kwa sababu macho yote mia na ushei yalikuwa yanaangalia mahali pamoja na mahali penyewe hapakuwa mimi. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, mgeni rasmi, akisubiri zamu yake ya kutwanga kwa ajili ya picha. Happi yake juu ya suti. Kikombe cha chai mkononi, amekiinua juu kisimwagike, na hakikumwagika hata tone. Na begani kwake, kuanzia chini ya sikio mpaka mfuko wa kifua, limelala lile donge. Limelala kabisa, kama mtoto mchanga aliyecheuliwa. Linatoa moshi kidogo. Kisha likaanza kuteremka, taratibu, bila haraka, na yeye akainamisha bega ili lisianguke sakafuni. Alikuwa analilinda!

Sasa sikilizeni. Kuomba radhi kwa Kijapani kuna ngazi. Ukimkanyaga mtu kwenye treni una neno lake, ukimchelewesha bosi una neno lake, na ukifanya la kufanya kama hili kuna "moushiwake gozaimasen", maana yake sina hata la kujitetea. Nilikuwa nayajua yote. Miaka mitatu niliyasema kila asubuhi, maana nilikuwa nachelewa. Nikamkimbilia yule mgeni wa watu, nikalishika donge kwa mikono miwili, nikalivuta, likanyooka kati yetu kama kamba ya nguo, nikainama mpaka paji la uso likakaribia tai yake, nikafungua kinywa, na kilichotoka kikawa:

"Itadakimasu."

Wasiokijua Kijapani: hilo ndilo neno la kusema ukishaunganisha viganja mbele ya sahani, kabla hujala. Ni kama Bismillah yetu ya tonge la kwanza. Yaani nimeshika bega la mgeni rasmi, kuna chakula juu yake, nimeinama mbele ya halaiki, na ninamwambia Bismillah.

Kimya. Nilisikia sufuria ya mvuke ikitokota jikoni.

Na yeye, kwa malezi mema aliyolelewa na mama yake, ulimi ukamjibu wenyewe: "Dozo."

Karibu.

Basi ukumbi ukapasuka. Watoto walilala chini. Mwenyekiti wetu, mama mtulivu aliyefundisha Hokkaido enzi za faksi, alikuwa ameshika nguzo anatetemeka. Na juu ya kelele zote hizo, kigelegele cha Bi Redio, simu imeinuliwa, hautikisiki hata mkono. Humo ndimo ilimozaliwa hadithi ya kwamba nilimla balozi. Kwenye video husikii "Itadakimasu" vizuri, unaniona tu nimeinama begani kwa mtu nimefungua mdomo.

Mengine mafupi. Suti ilifutwa, ikashindikana, nimejitolea kuilipia dobi, amekataa. Mtu mwingine akatwanga duru ya pili na ndoo akaitumia. Mochi ikaviringwa kwenye unga wa soya wa kukaanga, wanasema ilikuwa tamu. Mimi nilihamishiwa kwenye kuosha trei, na orodha ya kazi za mwezi wa nne imeshatoka, nimeandikiwa "kulinda mikoba".

Wale mnaouliza kama video naiweka hapa: siiweki. Mnaoitaka mnajua kwa kuipata.

Nilikuwa nimejiandaa kwa simu zote isipokuwa ile ya jana usiku. Nyanya, kutoka Mombasa, ana miaka themanini na kitu, wamemwekea video kwenye simu ya mjukuu. Nikapokea nimeshafumba macho. Hakucheka. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona mchi hukuutia maji?"

Nikanyamaza.

"Na ule si mpunga, ni wali. Wali huupondi kwanza?"

Nikamwambia, "Nilisahau, nyanya."

"Haya. Na yule mgeni wa watu, mwishowe alikula?"

"Sijui, nyanya. Nilikuwa jikoni."

"Hukumpelekea sahani?"