Asali nayo ni sukari jamani
Makala nzuri ila hapo mlipoandika mwenye kisukari aweke asali badala ya sukari kwenye kaimati na mkate wa kumimina hapana jamani, asali nayo inapandisha sukari vilevile, kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 17 za wanga wakati sukari nyeupe ni 12 hivi. Watu wakisoma wanaenda kumimina wakijua ni dawa!! Tena kaimati hata ukiondoa shira bado ni ngano nyeupe imezama mafutani, na mkate wa kumimina ni mchele.

Mi mama yangu ana kisukari, kwake boga la nazi ndo limekubali, boga lisivurugike, tui jepesi, iliki ya kutwanga mwenyewe (ya paketi haina harufu), mdalasini na chembe ya chumvi, sukari siweki kabisa na utamu upo, ila ni bakuli dogo tu na siku hiyo muhogo hagusi. Masaa mawili baadae tunapima kwa mashine, maana miili haifanani. Mhariri tafadhali rekebisha hapo kwenye asali, wazee wetu wanawaamini.