Acheni Kuniuliza Ipi Ndefu Zaidi

Mtu akishajua kwamba likizo zangu na sehemu kubwa ya mshahara wangu huishia kwenye rolakosta, zile treni za bustani za burudani zinazopanda, kuteremka na kupinda kwa kasi, huniuliza maswali mawili tu. Umeshapanda ile inayokwenda juu kuliko zote? Na ile ya kasi kuliko zote? Nikishajibu, mazungumzo yamekwisha, maana kwake yeye hakuna kingine cha kujua. Mafundi wenzangu wa lifti hapa Köln, Ujerumani, huuliza hivyo hivyo. Shemeji yangu wa Tanga, ambaye hajawahi kukaa hata kwenye moja, hunipigia simu kunitajia mita na kilomita kila inapofunguliwa mpya.

Mimi nasema urefu na kasi ni vipimo vya watu wa matangazo. Rolakosta tamu nilizopanda, karibu zote, zilijengwa mahali ambapo mjenzi alibanwa: kiwanja kidogo, majirani wasiotaka kelele, sheria ya ujenzi, miti isiyoruhusiwa kupitwa. Mhandisi mwenye jangwa zima na fedha isiyo na hesabu hujenga kitu kikubwa, akaridhika. Aliyebanwa hana budi kufikiri.

Tazama Alton Towers, bustani ya burudani kule Staffordshire, Uingereza. Bustani ile imo katika viwanja vya jumba la kale la mabwana, na masharti ya ujenzi hayaruhusu kitu kuchomoza juu ya vilele vya miti. John Wardley, aliyekuwa akiwabunia michezo yao, alitaka rolakosta ya kuning'inia, ile ambayo reli iko juu ya kichwa chako na miguu inabembea hewani bila sakafu. Juu hakuruhusiwa, basi akaenda chini. Mwamba ukalipuliwa, mahandaki yakachimbwa, na mwaka 1994 Nemesis ikafunguliwa. Ukiisoma kwenye karatasi utaidharau: kasi yake ni kama kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao basi la mkoani kwetu linaruhusiwa kisheria. Sasa kakae kiti cha mbele. Unapinda ukaingia ndani ya ardhi, ukuta wa mwamba unakujia kwenye nyayo, unakunja miguu bila kujijua, unageuzwa kichwa chini, na pembeni yanapita maji yaliyotiwa rangi ya damu. Kwa kuwa umo shimoni, huoni kona inayofuata. Hofu yenyewe inatoka hapo, na hakuna mita inayoipima. Mwishoni mwa 2022 waliifunga ili kubadilisha sehemu kubwa ya reli, na ilipofunguliwa tena 2024 kwa jina la Nemesis Reborn, njia ilikuwa ile ile, kona kwa kona. Walijua wakiigusa watakiona.

Bahati yangu ni kuishi jirani na bustani ya Phantasialand, iliyoko Brühl, safari fupi ya treni kutoka mjini kwetu. Nyumba za watu zimepakana nayo, eneo halitanuki, na kwenda juu sana hawawezi. Kwa hiyo nao wanachimba. Black Mamba, yaani koboko, ya mwaka 2006, ni ya kuning'inia na imezamishwa kati ya kuta na majani kiasi kwamba mara kadhaa unaamini kabisa kuwa kiatu kitabaki ukutani. Imo katika sehemu wanayoiita Deep in Africa, na kila nikileta mgeni kutoka nyumbani hunitazama kwanza mimi kabla ya kuitazama reli. Kuta za rangi ya udongo, ngoma kwenye spika, bara zima limetiwa ndani ya ua mmoja. Zamani ilinikera. Siku hizi nacheka, maana hatua chache mbele unaikuta China, kisha Mexico, na hata Berlin yao wenyewe wameifanya ya kuchezea.

Lakini kinachonirudisha pale ni Taron, ya mwaka 2016. Hii haivutwi na mnyororo. Sumaku ndizo zinazoisukuma, mara ya kwanza kwa upole, ya pili kwa ukatili, hadi kilomita 117 kwa saa. Reli imezungushwa ndani ya kijiji cha mawe meusi na kujikata yenyewe mara nyingi, kwa hiyo ukisimama chini na soseji yako hujui treni itatokea wapi. Unasikia tu mngurumo, unageuka kushoto, nayo imeshapita nyuma yako. Kama wangekuwa na kiwanja cha kutosha, wangeinyoosha, na ladha yote ingepotea. Watoto wa mji hukaa pale jioni bila hata kupanda.

Copenhagen wana habari nyingine. Bustani yao ya Tivoli ilifunguliwa mwaka 1843 na leo iko katikati ya mji. Ukitoka stesheni kuu ya reli unavuka barabara tu. Humo mna Rutschebanen, ya mbao, ya mwaka 1914, ambayo breki yake inashikwa na mtu. Anakaa ndani ya treni pamoja na abiria, mkono kwenye wenzo, na yeye ndiye anayeamua mteremko huu tuuache au tuubane. Kwangu mimi niliyezoea lifti, ambamo kila kitu kinaamuliwa na kisanduku cha umeme, jambo hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Nilishuka nikapanga foleni tena kwa makusudi ili nimpate mshika breki mwingine, na kweli, safari ya pili haikufanana na ya kwanza.

Wale wenye ushabiki huu huhesabu kila rolakosta waliyopanda, hata vile vitreni vya watoto wadogo vyenye umbo la kiwavi, na huko kwenye mikutano yao ukitaja idadi ndogo unaonewa huruma. Sihesabu. Ninachokitafuta mimi ni kule kupaa kitini. Treni inapovuka kilele kwa kasi, mwili wako unataka kuendelea kwenda ulikokuwa ukienda, ilhali kiti kinavutwa kushuka. Kwa sekunde moja hivi matako hayagusi kitu, na kinachokuzuia ni chuma tu kilicholala mapajani. Treni nayo ingependa kuruka. Haiwezi, kwa sababu Mmarekani mmoja, John Miller, mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni magurudumu ya ziada yanayoshika reli kwa chini. Kabla ya hapo vilima vilipaswa kuwa vya upole. Kila anayepiga kelele kileleni leo, popote duniani, ana deni kwa magurudumu yale.

Ukitaka kuonja kupaa huko mahali penye historia, nenda Coney Island, New York. Hapo ndipo LaMarcus Thompson alipofungua reli yake ya kuteremkia mwaka 1884, kwa senti 5, ikienda mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa. Na hapo hapo, tangu 1927, iko Cyclone, ya mbao, mita 26 tu kwenda juu. Imebanwa kwenye kona ya mtaa, kwa hiyo walichofanya ni kuikunja: njia inapita juu ya njia, inageuka, inarudi chini ya ile uliyotoka. Mteremko wa kwanza ni mkali kuliko unavyoudhania ukiwa barabarani. Kaa nyuma kabisa, usikae mbele. Mabehewa ya mbele yakishaanza kushuka ndiyo yanayokuvuta wewe wa nyuma upite kileleni kwa kasi, ukanyanyuliwa. Ya mbao hutikisa, sikatai, na mtu mwenye mgongo mbovu aiache.

Mwendo wa saa moja na zaidi kutoka hapo, New Jersey, ndiko ilikokuwa Kingda Ka. Mita 139, kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde tatu na nusu. Tangu 2005 ndiyo ilikuwa jibu la swali la shemeji yangu. Niliipanda, na sitasema uongo: ule mrusho wa mwanzo ulinitoa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Ila safari nzima haifiki nusu dakika. Unarushwa, unapanda, unashuka, breki. Mara nyingine upepo au baridi hulifanya treni lisifike kileleni, likarudi kinyumenyume lilikotoka, na mashabiki walikuwa wakiomba dua wapate siku ya namna hiyo, maana angalau hapo palikuwa na jambo jipya. Ilifungwa 2024, na Februari 2025 wakaiangusha kwa baruti. Haikutimiza hata miaka 20. Katika bustani hiyo hiyo iko El Toro, ya mbao, ya mwaka 2006, karibu mita 55, ambayo inakunyanyua kitini kilima baada ya kilima mpaka unaanza kuomba msamaha. Siku ile foleni ya Kingda Ka ilizunguka mara mbili, nami nikashinda El Toro.

Nilitaraji kuoneshwa kinyume nilipokwenda Abu Dhabi. Dada yangu ameolewa Muscat, na wanawe walinichukua kwa gari hadi bustani ya Ferrari World. Nitawasifu kwanza: paa kubwa jekundu, ubaridi wa kutosha, mahali pa kuswalia, na chakula ambacho huna haja ya kuuliza kina nini ndani. Kwa Mswahili anayezunguka bustani za Ulaya na mkate wake mfukoni, hilo si dogo. Mpwa wangu wa kike alivaa hijabu ya michezo, ile inayobana isiyo na ncha za kupeperuka, akapita bila maswali. Dada zangu, fanyeni hivyo popote mwendako, kwa sababu mtandio wa kawaida utaambiwa ubaki chini, na wana haki.

Rolakosta yao ya Formula Rossa ilifunguliwa mwaka 2010. Unapewa miwani ya kukinga mchanga na wadudu, treni linarushwa, na ndani ya kama sekunde tano mko kilomita 240 kwa saa.

"Mjomba, umeona? Hii ndiyo namba moja duniani!" mpwa wangu alinipigia kelele tulipokuwa tukivua miwani.

Nilikuwa nimeona. Mashavu yangu yalikuwa bado hayajarudi mahali pake. Lakini baada ya ule mrusho, zilizobaki ni kona ndefu pana juu ya mchanga, kwa sababu mwili wa binadamu hauvumilii kona fupi katika mwendo ule. Kasi yenyewe inamnyima mbunifu nafasi ya kucheza. Nilikaa nikisubiri jambo litokee, kisha nikaona tunaingia stesheni. Mpwa wangu alinuna hadi wakati wa chakula.

Wapo watakaonitajia rolakosta ya Shambhala, na wana haki. Iko bustani ya PortAventura, kusini ya Barcelona. Mita 76, kilomita 134 kwa saa, ilifunguliwa 2012, haikubanwa na jirani wala mti, na bado ni tamu ajabu. Vilima vyake ni vikubwa na laini, unaelea juu ya kila kimoja ukitazama bahari. Na kinyume chake kipo Japani: Steel Dragon ya Nagashima, ya mwaka 2000, mita 2,479 za njia, ilibidi itiwe chuma cha ziada kwa ajili ya matetemeko ya ardhi. Kizuizi kile kilikula fedha tu. Abiria hakisikii popote. Ninachokumbuka zaidi Nagashima ni wahudumu waliopanga mstari wakitupungia mikono yote miwili kana kwamba tunasafiri kwenda mbali na hatutarudi.

Afrika yetu nayo ina mfano wake, Johannesburg. Gold Reef City imejengwa palipokuwa mgodi wa dhahabu, na mwaka 2001 walifungua Tower of Terror: kibehewa kinapandishwa mnarani, kinainamishwa, kisha kinaangushwa moja kwa moja hadi ndani ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya dhahabu. Mahali pengine wangelifukia shimo wakalipia saruji.

Kwa hiyo rafiki zangu wa Dar na Mombasa wanaponiuliza lini sisi tutapata ya kwetu, ya watu wazima, huwa nawaambia tusianze na mnara. Tuna miteremko Lushoto na Morogoro isiyohitaji nguzo. Na kabla ya mteremko, tutafute mafundi watakaotembea juu ya njia kila asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, wakigusa kila nati, na mkaguzi ambaye hamtegemei mwenye bustani kwa mlo wake. Rolakosta moja ya wastani iliyotunzwa vizuri ni gharama ya kila siku kwa miongo kadhaa. Mimi najua jinsi lifti ya ghorofa nne inavyokufa mjini kwa kukosa kipuri kimoja.

Sasa Saudi Arabia wana Falcon's Flight, huko Qiddiya nje ya Riyadh, zaidi ya kilomita nne za njia na mwendo wa kilomita 250 kwa saa. Shemeji wa Tanga alishanipigia. Mpwa wangu wa Muscat naye kanipigia, ila yeye kaja na hoja: "Mjomba, si wewe unayesema utamu uko kwenye mwamba na shimo? Hii inateremka kwenye jabali la Tuwaiq." Sikuwa na jibu. Nimemwambia tutakwenda, tiketi atalipa yeye, na mimi kwanza napitia Göteborg, Sweden, ambako bustani ya Liseberg wameitandaza rolakosta yao, Helix, juu ya mlima uliomo ndani ya mji.