Kosa la PD-L1 lisibebeshwe vipimo vyote

Wanaotaka kila mgonjwa wa saratani apewe dawa za kuamsha kinga ya mwili husema vipimo havijui kutabiri nani atapona. Ushahidi wanao. Utafiti wa pembrolizumab, dawa inayoondoa breki ya kinga, kwa saratani ya mapafu, uliochapishwa 2015, uliwapanga wagonjwa kwa kiwango cha PD-L1, protini ambayo seli za uvimbe huitumia kukanyaga breki hiyo. Kwa wenye kiwango cha asilimia 50 au zaidi, uvimbe ulinywea kwa wagonjwa 45 hivi kati ya 100. Kwa wenye chini ya asilimia 1, ni 11 hivi. Kuwanyima dawa hao 11 kwa sababu ya kipimo ni dhuluma, sibishi. Ila utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa dawa hiyo ikichanganywa na kemotherapia huwafaa hata wenye PD-L1 ndogo, kwa hiyo mlango haujafungwa.

Mwaka huohuo wa 2015 dawa ileile ilijaribiwa kwenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Wenye uvimbe usioweza kusahihisha makosa ya DNA, uvimbe ulinywea kwa 4 kati ya 10. Wenye uvimbe unaoweza: hakuna hata mmoja kati ya 18. Wagonjwa wachache, kweli, lakini sifuri hiyo ina sababu. Seli isiyojisahihisha hurundika makosa, hutengeneza protini ngeni, na kinga huitambua mara tu breki inapoondolewa. Kipimo cha kasoro hii ya kusahihisha DNA kinagusa chanzo chenyewe, wakati PD-L1 hubadilika hata ndani ya uvimbe mmoja.

Mwaka 2022, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, wagonjwa 12 wa kwanza wa saratani ya rektamu (mwisho wa utumbo mpana) yenye kasoro hii waliomaliza dostarlimab, dawa ya jamii ya pembrolizumab, walitowekwa na uvimbe, wote 12. Kufikia 2025 walikuwa 49 kwa 49. Bila kisu, bila mionzi, bila kuishi na mfuko wa kinyesi tumboni. Utawapataje bila kupima?

Na wale 18 je? Ukimpa kila mtu, unawapotezea muda ambao hawana, na kinga iliyoachiliwa inaweza kugeukia tezi ya shingo, utumbo, mara chache hata moyo. Bei hata tusiiguse.

Kipimo chenyewe ni kupaka rangi protini nne za kusahihisha DNA kwenye kinyama kilichokwisha kukatwa, kisha kutazama kwa hadubini. Mashine ya kusoma jeni si lazima. Ripoti ya saratani ya utumbo mpana ikirudi bila majibu ya protini hizo nne, daktari airudishe maabara.