Mwanajeshi mstaafu akishika usukani wa lori

Mtu ametumikia jeshi la Marekani miaka 20, amestaafu akiwa na miaka 40 na kitu. Pensheni ipo lakini haitoshi, na nguvu bado anazo. Akianza kuulizia kazi uraiani, ushauri anaokutana nao kila kona ni ule ule: nenda kaendeshe lori. Wanaomtakia heri humwambia kazi hiyo ni kama imeumbwa kwa ajili yake. Madereva wakongwe humwonya kwamba anatoka katika kazi iliyomtenga na familia na kwenda kuingia katika nyingine ya namna hiyo hiyo. Pande zote mbili zina hoja. Ila kuna jambo ambalo zote mbili hulipita juu juu, nalo naliona zito kuliko mengine: utii aliofundishwa kambini, atafanya nao nini barabarani?

Kuingia kwenyewe si kugumu kama wengi wanavyodhani. Aliyeendesha magari mazito jeshini kwa miaka 2 mfululizo kabla ya kuondoka, rekodi yake ikiwa safi, anaweza kusamehewa mtihani wa vitendo wa leseni ya magari makubwa ya biashara. Majimbo yanaruhusiwa kumsamehe hata mtihani wa maandishi. Sharti lenye kuwanasa watu ni muda: awe ametoka katika kazi hiyo si zaidi ya mwaka 1 uliopita. Wengi hutaka kwanza kupumzika na kukaa na watoto, na wakija kushtuka mwaka umekwisha. Aliyekuwa mpishi au fundi wa redio hana msamaha huo. Tangu Februari 2022 kila anayeanza bila msamaha huo hupitia mafunzo ya lazima kwa mkufunzi aliyesajiliwa, ingawa fedha za masomo za wanajeshi wa zamani, GI Bill, zinaweza kulipia mafunzo ya udereva.

Hata huyo aliyesamehewa mtihani, ningemshauri aende darasani. Trela ya kawaida ya masafa marefu Marekani ina urefu wa mita 16 hivi, na gari zima likishapakiwa linaruhusiwa kufika tani 36. Kurudi nyuma nayo ni somo peke yake. Ukitaka mkia wa trela uelekee kulia, usukani unaukata kushoto, na ukichelewa kuurudisha, kichwa na trela vinakunjana. Mtu wa miaka 45 aliyezoea kuwaamrisha wengine huona uchungu kushuka garini mara nne kutazama nyuma wakati kijana anamsubiri apishe. Ashuke tu. Kioo cha pembeni hakionyeshi kila kitu.

Pale jeshi linapomsaidia kweli ni kabla gari halijaondoka. Mtazame mstaafu mzuri alfajiri, tochi mkononi, akilizunguka lori lake. Anasimama kusikiliza kama breki za upepo zinavuja. Anamulika nati za magurudumu moja moja, kwa sababu mchirizi wa kutu unaoanzia kwenye nati humwambia kwamba huenda imeanza kulegea. Anainama chini ya trela kuhakikisha kufuli limeishika vizuri pini inayoiunganisha na kichwa. Hakuna anayemtazama, na bado anafanya yote. Tabia hiyo kijana wa miaka 22 huchukua muda kuijenga, lakini huyu ameingia nayo. Kampuni zinaposema zinapenda kuajiri wanajeshi wa zamani, naamini zinasema kweli, na sababu ni hii.

Mwili nao una hesabu zake. Dereva wa magari makubwa hupimwa na daktari, na cheti chake hakizidi miezi 24; mwenye shinikizo la damu hupewa muda mfupi zaidi. Katika upimaji wa masikio, daktari anaweza kusimama umbali wa futi 5 na kumnong'oneza maneno, naye ayarudie. Mfikirie aliyekaa miaka kando ya mizinga au injini za ndege. Mlio kama wa kengele masikioni ndilo tatizo la kiafya linaloongoza katika orodha ya yale yanayolipiwa fidia kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani. Sheria inaruhusu kifaa cha kusikilizia, kwa hiyo sikio halimfungii mtu kazi moja kwa moja. Lakini magoti, mgongo, na ule ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini unaomwacha mtu na uchovu mchana kutwa, vyote hivyo huweza kuzidi kwa kukaa kitini saa nyingi. Apimwe kwanza, kabla hajalipa hata senti ya ada.

Kuhusu upweke sikubaliani moja kwa moja na wale wakongwe. Wapo waliorudi kutoka vitani na majeraha yasiyoonekana ambao kelele za ofisi huwachosha, na barabara tupu ya usiku huwapa utulivu ambao hawaupati kwingine. Ila huyo huyo, jambo likimlemea usiku wa manane akiwa mamia ya kilomita kutoka nyumbani, hana wa kumgongea mlango. Jeshini alikuwa mbali na mkewe, ndiyo, lakini alikuwa na kikosi. Kwenye lori hakuna kikosi. Kwa mtu wa namna hiyo ningependelea kazi za safari fupi zinazomrudisha nyumbani kila jioni, ingawa nazo zina taabu ya kupakia na kushusha mara nyingi.

Sasa lile la utii. Mwaka 1944, baada ya kutua Normandy, jeshi la Marekani lilianzisha msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba, madereva, wengi wao wanajeshi weusi, walipeleka mafuta na risasi kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele Ufaransa, usiku na mchana. Kazi ile inastahili heshima yote. Lakini uchovu ulisababisha ajali nyingi, na hatari hiyo ilikubaliwa kwa sababu ilikuwa vita. Askari hufundishwa hivyo: kazi ikamilike kwanza, mwili utapumzika baadaye.

Uraiani hakuna shehena inayostahili bei hiyo. Sheria ya Marekani humpa dereva wa mizigo saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na kabla ya hapo awe amepumzika saa 10 mfululizo. Zaidi ya hayo, inamkataza kuendesha akiwa amechoka kiasi cha kuhatarisha usalama, hata kama saa zake bado zipo. Kifaa cha elektroniki, ambacho kilianza kuwa cha lazima mwaka 2017 kwa malori mengi, huhesabu saa. Hakiwezi kuhesabu usingizi. Anayejua kwamba macho yamezidiwa ni dereva mwenyewe, na saa tisa usiku simu ikilia, mpanga safari wa kampuni, yule anayempangia mizigo, akimuuliza kwa sauti kavu kwa nini gari limesimama, jibu linalomjia mtu aliyekaa jeshini miaka 20 ni "ndiyo afande".

Mpanga safari si afande. Sheria ya mwaka 1982 inamlinda dereva asifukuzwe kwa kukataa kuendesha pale ambapo angevunja kanuni za usalama, na tangu 2016 kanuni inakataza kampuni, hata mwenye mzigo, kumshurutisha azivunje. Ulinzi huo haufanyi kazi mpaka mtu atamke neno hapana. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo gumu kwa mstaafu, gumu kuliko rivasi.

Hapo ndipo fedha zinapoingia. Kwa dereva anayelipwa kwa maili, kusimama ni kupoteza. Pensheni inampa mstaafu kitu ambacho kijana mwenye madeni hana: anaweza kusimama na nyumbani watu wakaendelea kula. Nafasi hiyo anaipoteza siku anayosaini mkataba wa kukodi lori kwa ahadi ya kulimiliki, hasa ule wa kampuni ile ile inayompangia mizigo. Mwaka 2025 jopo lililoundwa na serikali kuu kuichunguza mikataba ya aina hiyo lilipendekeza ipigwe marufuku. Akiba ya miaka 20 isiingie huko. Aajiriwe kwanza, ajifunze kazi kwenye gari la watu.

Kwa hiyo akiniuliza, namwambia aende. Ila atakapokaa mbele ya kampuni inayomtaka, akishauliza mshahara na likizo, aulize na hili: dereva wenu wa mwisho aliyepiga simu usiku akasema amechoka, amesimama, mlimfanya nini? Kisha anyamaze, asikilize wanachukua muda gani kujibu.