Ukienda Washington, kaa dirishani upande wa kushoto

Nimefika Washington mara mbili, na mtu akiniuliza mgeni wa mji ule ajiandae na nini, sianzi na jumba wala mnara. Naanza na kiti. Kiwe cha dirishani, upande wa kushoto, safari iwe ya mchana, na ndege itue Uwanja wa Reagan, ule ulio kando ya Mto Potomac.

Mara ya kwanza nilitua Dulles usiku. Huko ndiko zinakotua ndege nyingi za kutoka ng'ambo, kilomita 40 hivi kutoka katikati ya mji. (Jengo lake, lililobuniwa na Eero Saarinen na kufunguliwa 1962, lina paa lililobonyea kama machela, litazame vizuri kabla hujatoka.) Kesho yake nikapanda basi la watalii. Tunashuka, tunapiga picha, tunapanda. Jioni nilikuwa na picha za Ikulu, za Bunge na za jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln, lakini ungenipa kalamu nichore kipi kiko wapi, nisingeweza.

Mara ya pili nilibadilisha ndege Chicago, nikatua Reagan. Ndege haziruhusiwi kupita juu ya Ikulu na Bunge, kwa hiyo upepo ukivuma kutoka kusini, marubani huufuata mto. Mto ukipinda, ndege nayo inapinda. Bawa la kushoto linainama, linainuka, na dakika chache kabla ya magurudumu kugusa ardhi, mji wote uko pale dirishani. Upepo ukigeuka, ndege huja kwa upande wa kusini na hayo yote unayakosa. Hilo halina dawa.

Nilichokiona ni mstari. Kuba ya Bunge, mnara wa Washington, jengo la Lincoln ukingoni mwa mto: vyote vimesimama safu moja. Mfaransa Pierre L'Enfant aliuchora mji huu mwaka 1791, kabla haujawa mji, na ule mchoro bado unasomeka ukiwa juu. Barabara za mshazari zilizonichanganya ndani ya basi, angani zina maana, kila moja inajua inakokwenda. Majengo ni mafupi kwa sababu sheria ya 1910 inayawekea kikomo cha urefu. Maghorofa marefu ya vioo yamejazana ng'ambo ya mto, upande wa Virginia. Hata kosa linaonekana: mnara haujakaa mkabala na Ikulu. Ulikusudiwa kusimama pale mstari wa Ikulu unapokutana na ule wa Bunge, lakini ardhi ya hapo ilikuwa tepetepe, ukasogezwa zaidi ya mita 100.

Ndiyo maana naumia nikiona abiria wameshusha vifuniko vya madirisha wakati ndege inateremka. Mji mkuu uliobuniwa mezani, kwa rula, jicho linauelewa kutoka juu kwanza. Ukishauelewa, miguu haipotei.

Na baada ya hapo ni miguu kweli. Kituo cha metro kiko hapo hapo uwanjani. Shuka mjini, achana na basi, tembea ule mstari kuanzia Bunge hadi kwa Lincoln, kilomita tatu na kitu. Ukiufikia mnara, inua macho: sehemu ya chini, kama robo hivi, rangi yake si ile ya juu. Fedha ziliisha 1854, kazi ikalala zaidi ya miaka 20, na walipoirudia mawe yalitoka machimbo mengine. Umekamilika 1884, mita 169, na alama ya ule umaskini haijafutika.

Kuna ambayo ndege haiwezi kukuonyesha. Kwamba Bunge na Ikulu vilijengwa pia kwa jasho la watumwa, hilo halionekani angani. Kwa hiyo usipite Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi bila kuingia. Yalifunguliwa 2016, hayana kiingilio, na David Adjaye, aliyeongoza ubunifu wake, ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Ndani unaanzia chini ya ardhi, kwenye utumwa, kisha unapanda. Mimi nilitenga saa mbili, nikatoka jioni.

Kwa Lincoln, kabla ya kufika juu, tazama unapokanyaga. Kuna maneno yamechongwa kwenye jiwe mahali aliposimama Martin Luther King kuhutubia tarehe 28 Agosti 1963. Watu wengi wanayapita mbio kuwahi picha na sanamu.

Karibu na hapo kuna ukuta wa wanajeshi wa Marekani waliokufa katika vita vya Vietnam. Maya Lin aliubuni akiwa mwanafunzi wa miaka 21, na umezama ardhini kiasi kwamba nilipokuwa angani sikuuona kabisa. Majina zaidi ya 58,000 kwenye jiwe jeusi linalong'aa, ukisoma unajiona uso wako mwenyewe katikati yake. Pembeni yangu mzee mmoja alibandika karatasi juu ya jina, akaisugua kwa penseli polepole hadi herufi zikatokea. Ndege ilikuwa inapita upande wa mtoni kwenda kutua. Akasimama hadi mlio ulipoisha, ndipo akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.